Hawa wa Anna Lea Merritt: nitajuaje kama hii ni echingi ya kweli?

KaratasiKuukuu

Wakuu, naomba macho yenu. Nina karatasi moja ya zamani ndani ya fremu ya mbao. Mwanamke yuko uchi, ameketi chini, magoti ameyakunja, kichwa amekiinamisha hadi uso hauonekani, nywele zimemwagika, na pembeni yake kuna tunda lililong'atwa. Ni Hawa, hilo halina ubishi. Chini ya picha pameandikwa kwa penseli: Anna Lea Merritt. Ukiimulika kwa upande unaona bonde la mstatili limeizunguka picha, kama vile karatasi ilibanwa na kitu kigumu.

Nauliza hivi. Je, hii ni echingi, yaani picha iliyochorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba kisha ikaliwa na asidi, au ni fotografia iliyochapwa kiwandani ikapewa sura ya echingi? Halafu mgongo na mguu ni laini kabisa, sioni mstari hata mmoja uliovizungushia. Sindano inafanyaje hivyo? La mwisho: karatasi imekuwa rangi ya chai, ina vidoa vya kahawia, na nyuma imegandana na kadibodi. Kuna aliyenishauri niipeleke steshenari wailamineti.

BambaNaWino

Laminesheni hapana! Ile plastiki huyeyuka kwa joto ikazama kwenye nyuzi za karatasi na haitoki tena, na wino wa echingi, ambao umeinuka juu ya karatasi, unasagwa ukawa bapa. Ukishafanya hivyo hata jibu la swali lako la kwanza limepotea, maana ule mwinuko wa wino ndio shahidi wetu mkuu.

Kwa kifupi kuhusu msanii. Anna Lea alizaliwa Philadelphia mwaka 1844 akahamia London. Aliolewa 1877 na Henry Merritt, fundi wa kukarabati michoro ya zamani, na mume akafariki mwaka huohuo. Maandishi ya mumewe yalitolewa kitabu 1879 pamoja na echingi 23 za mkono wa mjane. Kwa hiyo sindano ilikuwa kazi yake kwelikweli. Alimchora hivyohivyo mwigizaji Ellen Terry katika nafasi ya Ophelia wa tamthilia ya Hamlet. Hawa huyu alichorwa kwanza kwa rangi ya mafuta, mwaka 1885, picha ya mwanamke aliyezidiwa na majuto, ndipo akaja kwenye bamba. Wengi wanamjua Merritt kwa *Love Locked Out*, picha iliyonunuliwa 1890 kwa fedha za wakfu wa Chantrey, uliokuwa ukiinunulia Uingereza kazi za sanaa, ya kwanza ya mwanamke kununuliwa na wakfu huo. Binafsi naona Hawa ana nguvu zaidi, lakini tuyaache hayo.

Sasa kipimo. Hilo bonde la mstatili usiliegemee sana. Ni alama ya ukingo wa bamba, kweli, lakini fotograviya, yaani fotografia iliyohamishiwa kwenye bamba kwa kemikali, nayo huchapwa kwa bamba la shaba chini ya roli ileile, na bonde lake ni lilelile. Hata lithografu, chapa ya jiwe, unaweza kuibana baadaye kwa bamba tupu ili ionekane ya heshima. Ukikosa bonde, shuku (ingawa huenda kuna mtu alikata pambizo). Ukilikuta, endelea kupima.

Chukua lenzi ya kukuza mara 10, ile ya masonara. Zima taa ya chumba, laza tochi ya simu karibu na uso wa karatasi ili mwanga upite chini chini, kama jua la saa kumi na mbili jioni. Tazama sehemu yenye giza, kisha sehemu ya ngozi.

Ukiona mistari yenye kingo zake, ambayo ncha zake zimekatika butu badala ya kuchongoka, na wino umesimama kama mshono wa uzi juu ya kitambaa, hiyo ni echingi. Mistari inayoanza nyembamba, ikanenepa, ikachongoka kama unyasi ni ya patasi ya mchongaji, si ya asidi. Ukikuta giza lote limeundwa na chembechembe zisizo na mpango, kama vumbi la mkaa, na hata kile ulichodhani ni mstari kikivunjika kuwa chembe, hiyo ni fotograviya. Chembe hizo zinatokana na unga wa utomvu unaoyeyushwa juu ya shaba ili picha ya fotografia ishike. Karel Klíč aliikamilisha njia hiyo 1879, kwa hiyo miaka ya 1880 ilikuwa moto moto, na wachapaji wa London na Paris waliitumia sana kuuza nakala za michoro ya rangi. Na ukikuta nukta zilizojipanga kwa safu kama matundu ya chujio, huo ni ukurasa wa kitabu au jarida. Hapo funga mjadala.

Toa kioo kwanza. Kupima kupitia kioo ni kujidanganya.

MzeeWaSindano

Nimjibu kuhusu ulaini wa ngozi, maana hapo ndipo wengi wanadhani kuna uchawi.

Watu huona echingi ni kuchora. Sindano haichori kwa maana ya penseli. Ukibonyeza zaidi hupati weusi zaidi. Bamba limepakwa tabaka jembamba la nta na lami, sindano inaparua tabaka hilo tu ili shaba ionekane, na mistari yote inatoka na upana karibu uleule. Weusi unatokana na dakika. Mstari uliokaa kwenye asidi dakika 5 ni kina kidogo, unabeba wino kidogo, unachapa kijivu. Uliokaa saa nzima ni mfereji. Kwa hiyo msanii wa mwili wa binadamu anapanga muda kabla hajagusa sindano.

Utaratibu wenyewe, kwa bamba la shaba kwenye kloridi ya feri (dawa inayokula shaba) yenye nguvu za kawaida, unakwenda hivi. Unachora kila kitu, unatumbukiza bamba dakika 6 hivi, unalitoa, unaosha, unakausha. Mistari ya sehemu zinazopigwa na mwanga, bega na ugoko, unaifunika kwa vanishi ya kuzuia asidi. Hiyo imemaliza safari yake. Unarudisha bamba hadi jumla ifike dakika 15, unatoa, unafunika vivuli vyepesi vya mbavu na paja. Hadi 30, unafunika nywele za juu. Kilichobaki, yaani giza chini ya magoti, mikunjo ya nywele, ardhi, unakiacha hadi dakika 60 au 80. Kwenye chumba chenye joto kila kitu kinaharakishwa, kwa hiyo daima fanya kwanza kipande cha majaribio cha shaba ileile siku ileile.

Kuna njia ya kinyume, aliyoipenda Seymour Haden, yule daktari wa upasuaji aliyeanzisha chama cha wasanii wa echingi London 1880: bamba liko ndani ya asidi, unachora humohumo, ukianza na giza na kumalizia na mwanga. Inafaa kwa mandhari ya mto na miti. Kwa mgongo wa mwanamke, mkono ukitetemeka mara moja umeharibu.

Sasa kwa nini hakuna mstari wa kuzungushia. Kwa sababu mwili wa kweli hauna waya pembeni. Unachora mistari mifupi inayopita juu ya umbo kama pete zinavyozunguka mkono, kila mmoja unaishia pale mwanga unapoanza, na mwisho wake unaumalizia kwa vinukta vitatu au vinne vya sindano. Ukingo wa mgongo unaonekana kwa sababu nyuma yake kuna giza. Ni giza la nyuma linalokata umbo. Mahali mwili unapogusa ardhi unaweza hata kuuacha upotee, jicho litaukamilisha lenyewe.

Kinachoharibu kazi ya namna hii ni kuisongamanisha mistari. Asidi haili kwenda chini tu, inakula na kando. Mistari miwili ikiwa karibu mno, ukuta wa shaba ulio kati yake unabomoka, nta inang'oka, na badala ya mistari unapata bwawa pana lisilo na kina. Bwawa halishiki wino: ukipangusa bamba, wino wote unatoka katikati na kubaki pembezoni tu. Kwenye karatasi linatoka doa la kijivu lenye ukingo mweusi. Kwenye picha ya ukuta wa nyumba unaweza kuliacha likaitwa ukurutu, ila likitokea kwenye paja itabidi ukwangue kwa kikwangulio chenye pembe tatu, usugue kwa chuma laini chenye mafuta, na upige nyuma ya bamba kwa nyundo ili shimo lipande juu. Kazi ya siku mbili kwa kosa la dakika tano.

Asidi ya nitriki ndiyo inayosababisha sana hayo. Inatoa viputo, viputo vinakaa juu ya mstari na kuifukuza asidi, kwa hiyo lazima uvifagie kwa unyoya wa ndege muda wote, la sivyo mstari unatoka umekatikakatika. Pia inapanua. Ndiyo sababu wasanii wengi wa karne ya 19 waliokuwa wakifanya kazi nyembamba walipendelea kile walichokiita asidi ya Kiholanzi: sehemu 10 za asidi ya hidrokloriki, sehemu 2 za klorati ya potasiamu, sehemu 88 za maji. Inachimba polepole, bila viputo, moja kwa moja chini. Ubaya wake ni kwamba inapochanganywa hutoa gesi ya klorini, na mapafu hayana vipuri. Hiyo naitaja kama historia. Msiitengeneze.

Halafu kuna ulaini unaokuja baada ya asidi, pale kwenye kupangusa. Tutafika huko KaratasiKuukuu akijibu kuhusu lenzi.

Bint_Shangani

Naingilia kidogo tu. Wazungu wameshika kwamba Hawa alikula tufaha, na wachoraji wao wakalifuata hilo. Biblia ya Kiswahili, Mwanzo 3:6, inasema tu alitwaa katika matunda ya mti akala, akampa na mumewe. Tunda halikutajwa jina. Kisa chake ni Kilatini, ambako neno la uovu na neno la tufaha vinaandikwa sawa, *malum*. Nasi Waislamu kwenye Qur'ani hata jina la Hawa halimo, na walioteleza ni wote wawili, si mke peke yake.

Ninalolisema linahusu picha: Merritt hakumweka Adamu, hakuweka nyoka, hakuweka malaika wa kufukuza. Mtu, nywele na tunda. Ukiliondoa tunda anabaki mwanamke anayelia, jina lolote utampa. Kwa hiyo KaratasiKuukuu, tazama tunda lilivyochorwa, ndilo linalobeba kisa kizima, na msanii mzuri hawezi kulifanyia haraka.

(Na msichanganye na tofaa letu jekundu la mtofaa. Hilo ni tunda jingine kabisa.)

KaratasiKuukuu

Asanteni. Nimetoa kioo. Kwa lenzi na tochi: mistari ina kingo, wino umesimama na unang'aa kidogo ukilaza mwanga. Ncha ni butu. Sehemu za giza mistari imepishana mara mbili, mara tatu. Chembechembe kama vumbi sioni. Ila kuna kitu kinanitatiza: hata pale pasipo na mstari wowote, ndani ya bonde la bamba, karatasi ina rangi nyepesi ya kahawia kuliko nje ya bonde. Na saini nitaiaminije?

BambaNaWino

Basi ni echingi. Hiyo rangi nyepesi ndani ya bonde ni utando wa wino. Mchapaji hakusafisha bamba mpaka likang'aa, aliacha pazia jembamba. Ni dalili njema, ingawa fotograviya nazo zinaweza kuwa nao.

Saini ya penseli peke yake haithibitishi lolote kuhusu aina ya chapa. Kuanzia miaka ya 1880 mtindo wa kusaini kwa penseli pambizoni ulienea, na wachoraji walisaini pia fotograviya za michoro yao ili ziuzwe ghali. Kwako mambo mawili yanaungana, mistari ya asidi na saini, na hapo unasimama pazuri. Itazame saini kwa tochi ileile: risasi ya penseli inang'aa kijivu na imeacha mfereji mdogo kwenye karatasi. Saini iliyochapwa ni nyeusi kama picha yenyewe na, kwa echingi, imeinuka. Huenda ukakuta zote mbili, moja ndani ya bamba na moja ya mkono.

Tazama vilevile pembe za chini za karatasi. Chama cha wauza chapa cha London, kilichoanzishwa 1847, kilikuwa kikigonga muhuri mkavu usio na wino kwenye nakala za mwanzo, wenye herufi za kutambulisha. Unauhisi kwa kidole kuliko kuuona. Na kwenye pambizo, nje ya picha lakini ndani ya bonde, wasanii wa muongo ule walipenda kuchora kijipicha kidogo, jani au kichwa cha mtu, kiitwacho remaki. Kilikuwa kinafutwa kwenye bamba baada ya nakala chache za mwanzo, kwa hiyo chenye remaki kiliuzwa zaidi. Ujanja wa soko huo, sina heshima nao sana, lakini ukikikuta kiandike.

Pima bonde lenyewe, si karatasi, kwa milimita, urefu kwanza halafu upana, na upime pande zote nne. Karatasi ya echingi huchapwa ikiwa na unyevu, ikikauka inasinyaa, kwa hiyo tofauti ya milimita 1 au 2 na vipimo vya makumbusho haimaanishi kitu. Tofauti ya sentimita 1 ina maana.

Halafu inyanyue upande usiogandana uione dhidi ya dirisha. Ukiona mistari ya mwanga iliyopishana kama mkeka, au alama ya maji ya kiwanda, iandike. Kama picha yenyewe iko kwenye karatasi nyembamba yenye mng'ao kama hariri, iliyogandishwa juu ya karatasi nene, hiyo ni karatasi ya Kijapani au ya Kichina iliyobandikwa palepale kwenye mashine. Usiivue ukidhani ni mabandiko ya mtu.

MzeeWaSindano

Kuhusu huo utando. Bamba likishapakwa wino mzito likiwa vuguvugu, unapangusa kwa chachi ngumu, viringe viringe, ukigeuza upande safi. Ukimaliza, unaweza kupitisha kiganja kilichopakwa unga wa chaki ukang'arisha mahali unapotaka mwanga, labda bega. Kisha unachukua kipande laini cha chachi na kukipitisha kama unyoya juu ya mistari ya giza. Kinavuta wino kidogo kutoka kwenye mfereji na kuumwaga ukingoni, mstari unapata ukungu. Ndivyo giza chini ya nywele linavyokuwa kama mahameli. Na ndiyo maana nakala mbili za bamba moja hazifanani hata siku moja. Mkiona nakala ya makumbusho iko kavu zaidi kuliko hii, si lazima mojawapo iwe ya bandia.

Idadi ya nakala nayo inategemea chuma. Shaba ni laini, bamba linachoka. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1850 wachapaji walikuwa wakiipaka shaba ngozi nyembamba ya chuma kwa umeme, ndipo waliweza kuchapa mamia na zaidi bila mistari kufifia. Mistari ya sindano kavu, ile inayokwaruzwa bila asidi, inachoka haraka zaidi: makumi machache tu na ule ukungu wake umelala.

MwanafunziWaBamba

Samahani kuchukua uzi wa watu. Nataka kujaribu kipande kidogo cha umbo la mtu aliyeinama, sentimita 10 kwa 15. Shaba ni ghali. Naweza kutumia zinki? Na asidi ya betri ya gari inafaa?

MzeeWaSindano

Asidi ya betri ni ya salfuriki, shaba haiigusi, utakaa unaisubiri hadi kesho. Achana nayo.

Zinki inafaa, lakini usiitie kwenye kloridi ya feri. Inachemka, inatoa joto na gesi, na mistari inatoka imechakaa. Kwa zinki tumia mrututu, ule wa buluu wanaonyunyizia kahawa: gramu 75 za mrututu na gramu 75 za chumvi ya mezani kwa lita 1 ya maji. Hakikisha ni mrututu mtupu, usiwe dawa iliyochanganywa na vitu vingine. Shaba iliyomo kwenye maji itajitenga ikawa tope jekundu juu ya mistari, lifagie kwa brashi laini kila dakika moja au mbili. Buluu ikififia, dawa imekwisha nguvu. Mistari ya zinki ina kingo zinazoparuza zaidi kidogo kuliko ya shaba, kwa hiyo kwenye ngozi acha nafasi kubwa zaidi kati ya mstari na mstari.

Kabla ya yote piga tupa kingo za bamba, mteremko wa nyuzi 45 hivi, na zungusha pembe. Ukingo usiopigwa tupa unakata karatasi, unakata na blanketi za mashine, na wino unajificha pale ukachafua pambizo lote.

Safisha kwa chaki na siki mpaka maji yatande juu ya bamba bila kujikusanya matone. Matone yakijikusanya kuna mafuta, nta itabanduka hapo, na utapata vishimo vidogo vyeusi angani au, mbaya zaidi, mgongoni. Alama ya kidole inatosha kufanya hivyo. Nta yenyewe: sehemu 2 za nta ya nyuki, 2 za lami safi, 1 ya rosini (utomvu mkavu wa msonobari), yeyusha kwa moto mdogo, tengeneza vidonge. Pasha bamba, sugua kidonge, sambaza kwa roli. Ikifuka moshi umeunguza, ifute uanze upya, nta iliyoungua ni ngumu na inapasuka chini ya sindano. Nyuma ya bamba paka vanishi au bandika plastiki ya gundi, la sivyo asidi inamaliza nguvu yake huko.

Halafu kumbuka picha inatoka kinyume. Kushoto huwa kulia. Ukitaka aelekee upande uleule wa mchoro wako, uhamishe mchoro ukiwa umegeuzwa, au weka mchoro mbele ya kioo cha kujitazamia uchore unachokiona kiooni.

JikoLaAsidi

Nyongeza mbili. Atakayetumia kloridi ya feri kwa shaba asilaze bamba likitazama juu muda mrefu. Mashapo yanakaa ndani ya mistari na kuizuia isichimbike sawa. Ligeuze litazame chini, ukiliegemeza kwenye vijiti pembeni, au lisimamishe wima. Na taka za mrututu au feri haziendi kwenye sinki wala mtaroni: tia magadi soda kidogo kidogo hadi povu likome, shaba itatuama chini, chuja, kausha hilo tope na ulihifadhi kama taka ya sumu. Shaba inaua samaki kwa kiasi kidogo sana.

Na MzeeWaSindano amesahau karatasi. Iwe ya pamba, gramu 250 au 300 kwa mita ya mraba, iloweke nusu saa au zaidi, kisha ikaushe kati ya taulo mpaka isiwe na mng'ao wa maji. Ikiwa kavu haitaingia kwenye mistari, utapata picha ya madoadoa. Ikiwa na maji yanayoonekana, wino unaikataa.

Fremu_na_Kioo

Narudi kwa KaratasiKuukuu, maana hakuna aliyegusa madoa.

Kwanza kadibodi. Ile ya zamani ni ya massa ya mbao, inatoa asidi inayounguza karatasi polepole, ndiyo hiyo rangi ya chai. Usivute picha kutoka kwenye kadibodi. Kadibodi ndiyo inayovuliwa kutoka kwenye picha: laza picha kifudifudi juu ya karatasi safi ya kunyonya, uso wa meza uwe bapa, na bandua kadibodi kwa tabaka, ikiwa kavu, kwa kisu butu kilicholala, mpaka ibaki ngozi ya mwisho yenye gundi. Hapo simama. Ngozi ya mwisho inahitaji unyevu, na unyevu kwenye karatasi yenye madoa unasukuma uchafu pembeni ukaacha mstari wa kahawia kama ufukweni maji yakitoka. Hatua hiyo ni ya mhifadhi wa nyaraka mwenye meza ya kazi, si ya jikoni.

Vidoa usivipake jiki. Vitaondoka kweli, na baada ya muda karatasi itabaki dhaifu, ikivunjika kama kaki, na madoa yatarudi. Usitumie kifutio karibu na saini wala juu ya wino.

Ukiirudisha kwenye fremu, iwe na paspatuu, yaani fremu ya ndani yenye dirisha, ya kadibodi ya pamba isiyo na asidi, ili kioo kisiguse wino. Tundika karatasi kwa vipande viwili tu vya karatasi ya Kijapani upande wa juu, vilivyopakwa uji wa wanga wa ngano. Selotepu hapana, hata ile wanayosema ya kumbukumbu. Nyuma usiweke hadibodi wala plaiwudi, ndizo zilizoleta balaa hili.

Unyevu wa hewa uwe kati ya asilimia 45 na 55 ukiweza. Walio mwambao hawataweza bila mashine, basi walenge kitu kimoja: hewa ipite. Ukungu unapenda palipozidi asilimia 65 na pasipo na upepo. Bandika vipande vya koki (ile ya vizibo vya chupa), milimita 5, kwenye pembe mbili za chini nyuma ya fremu ili isilale kwenye ukuta, na itundike ukuta wa ndani, si ule unaopigwa na mvua kwa nje, wala mkabala na dirisha. Vile vipakiti vya kunyonya unyevu vilivyotoka kwenye boksi la viatu vimeshashiba siku nyingi. Ukiviweka ndani ya fremu havisaidii.

Vipimo na yale uliyoyaona kwa lenzi yaandike kwa penseli nyuma ya paspatuu, sio nyuma ya picha. Na piga picha ya saini kwa mwanga wa pembeni kabla hujafunga kioo, kwa sababu ukishafunga hutaifungua tena kwa miaka mingi.

KaratasiKuukuu

Nimeelewa. Bonde ni sawa pande zote nne, na muhuri mkavu nimeupata pembeni kushoto, herufi tatu. Remaki hakuna. Kadibodi naanza nayo Jumamosi, kwa kisu butu, nikifika kwenye gundi nasimama.

Fremu_na_Kioo

Anzia pembe iliyo mbali na saini.